Beccaria, Howard au Bentham: uanze na nani katika mawazo ya mageuzi ya adhabu na magereza?

Mwanafunzi wa sheria anatafuta mada ya tasnifu. Msaidizi wa kisheria anaingia gerezani kila wiki kuonana na mahabusu. Mwalimu anaandaa mdahalo wa adhabu ya kifo kwa wanafunzi wa kidato cha tano. Wakiuliza mawazo ya kurekebisha haki jinai yalianzia wapi, wote watatajiwa majina yaleyale ya Ulaya ya karne ya 18: Cesare Beccaria wa Milano, John Howard wa Bedfordshire, Jeremy Bentham wa London. Kisha wataachwa hapo, kila mmoja na rundo la kurasa na wiki mbili za kusoma.

Nimewaandikia hao. Nimekaa na maandishi ya watu hawa watatu kwa muda mrefu, na ninavyoona hawashindani kama wengi wanavyodhani. Kila mmoja ameshika upande wake. Beccaria ameshika hukumu, Howard ameshika chumba cha gereza, Bentham ameshika hesabu inayopaswa kupigwa kabla sheria haijatungwa. Ukianza na yule asiyegusa tatizo lako, utaona maandishi yake makavu na utayaacha, nayo hayastahili kuachwa.

Vigezo nilivyotumia

Wote nimewapima kwa mambo matano. Swali analouliza kila mmoja, maana mtu hawezi kukujibu swali ambalo hakujiuliza. Anachotaka kifanyike. Namna anavyosomeka kwa mtu asiye na mwalimu pembeni. Kilichotokea duniani kwa sababu yake. Na mwisho, mapengo yake. Hicho cha mwisho nakipa uzito kuliko vingine, kwa sababu hoja ya miaka 250 iliyopita ikimezwa nzimanzima inaweza kumfikisha mtu kutetea jambo ambalo yeye mwenyewe analichukia.

Swali la kila mmoja

Beccaria alikuwa na miaka 26 kitabu chake, Dei delitti e delle pene, yaani Juu ya Makosa na Adhabu, kilipotoka Livorno mwaka 1764 bila jina la mwandishi. Alikuwa katika kundi la vijana wa Milano lililowazunguka ndugu wawili, Pietro na Alessandro Verri. Alessandro alikuwa na wadhifa wa kuwatetea wafungwa, hivyo habari za ndani ya jela zilifika hadi mezani pao. Na mji wenyewe ulikuwa na kidonda. Mwaka 1630, wakati wa tauni, mtumishi wa afya aitwaye Guglielmo Piazza na kinyozi Giangiacomo Mora waliteswa hadi wakakiri kwamba walipaka sumu kwenye kuta ili kueneza ugonjwa. Waliuawa kikatili, nyumba ya Mora ikabomolewa, na mahali pake ikasimamishwa nguzo ya kuwatia aibu milele. Beccaria alipokuwa akiandika, nguzo ile ilikuwa bado imesimama. Ilibomolewa mwaka 1778 tu.

Swali lake linatoka hapo: dola inapata wapi haki ya kumwadhibu mtu, na haki hiyo inaishia wapi? Anajibu kwamba kila mtu ametoa sehemu ndogo kabisa ya uhuru wake ili wote waishi kwa usalama. Adhabu yoyote inayozidi kile kinachohitajika kulinda usalama huo ni dhuluma, hata kama imeandikwa kwenye sheria.

Howard hakuwa mtu wa nadharia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Howard alikilalia. Akiwa kijana, katika safari ya kwenda Lisbon, meli yake ilitekwa na Wafaransa na yeye akafungwa Brest, akilala kwenye majani makavu. Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa sherifu wa Bedfordshire, yaani ofisa wa wilaya ambaye jela ilikuwa chini yake, cheo ambacho wengi walikichukua kwa heshima yake tu na kazi kuwaachia wasaidizi. Yeye aliingia gerezani kutazama. Alikuta watu walioachiwa huru na mahakama wakirudishwa ndani kwa sababu hawakuweza kumlipa mlinzi mkuu wa jela ada zake. Mlinzi huyo hakuwa na mshahara. Aliishi kwa kuwatoza wafungwa. Howard akawaomba mahakimu wa wilaya wamlipe mshahara. Wakamwuliza kama kuna wilaya nyingine inayofanya hivyo. Akapanda farasi akaenda kutafuta mfano huo katika wilaya jirani, na kila alikofika akakuta uovu uleule. Swali lake, basi, ni hili: mlango ukishafungwa, mtu anatendewa nini?

Bentham aliyasoma maandishi ya Beccaria akamwita mwalimu wake, lakini akaliuliza swali kwa namna ya mhasibu. Adhabu ni maumivu, na maumivu ni ubaya. Kwa hiyo adhabu yoyote ni ubaya unaohitaji kuhalalishwa. Je, ubaya huu unazuia ubaya mkubwa zaidi, au unaongeza tu jumla ya mateso duniani? Kazi yake yote juu ya adhabu inazunguka hapo.

Wanataka nini kifanyike

Dawa ya Beccaria inaanzia kwenye sheria yenyewe. Iandikwe kwa lugha ambayo raia wanaielewa, kila mtu ajue kosa gani lina adhabu gani, na adhabu ilingane na madhara yaliyofanyika. Jambo analorudia zaidi ni uhakika: mhalifu huzuiwa na kujua kwamba atakamatwa kuliko kujua kwamba adhabu ni kali. Adhabu ndogo isiyokwepeka ina nguvu kuliko adhabu ya kutisha inayowapata wachache wenye bahati mbaya.

Kuhusu mateso ya kulazimisha mtu akiri, hoja yake ni fupi, na sijaona jibu lililowahi kuipangua. Mateso hupima ugumu wa misuli, hayapimi ukweli. Mhalifu mwenye mwili imara atavumilia na kuachiwa. Mtu dhaifu asiye na kosa atakiri ili maumivu yakome. Mora na Piazza wamo ndani ya hoja hiyo hata pale asipowataja. Kuhusu kifo, anashangaa sheria zinazochukia mauaji kuua zenyewe, hadharani, ili kuwafundisha raia wasiue. Badala yake anapendekeza kazi ngumu ya maisha.

Kuna sura moja ambayo ningetaka kila anayehusika na mahakama zetu aisome, nayo ni ile ya kuharakisha kesi. Beccaria anasema kumweka mtu ndani kabla ya hukumu ni adhabu tayari, kwa hiyo kukae muda mfupi iwezekanavyo na kuwe kwepesi iwezekanavyo. Anachukizwa na picha ya hakimu anayepumzika wakati mtuhumiwa anateseka kwa kungoja. Kwa msomaji aliyekaa kwenye benchi la mahakama Tanzania na kusikia “upelelezi haujakamilika” kesi ikiahirishwa kwa mara ya kumi, sura hii haihitaji mfasiri wa maana.

Howard anataka vitu unavyoweza kuvihesabu. Mlinzi wa jela alipwe mshahara na ada zifutwe. Pombe isiuzwe ndani, maana walinzi waliifanya biashara. Wanawake watenganishwe na wanaume, vijana na wakubwa, wenye madeni na wahalifu. Kuwe na maji, hewa, daktari, na wakaguzi wanaoingia bila kutoa taarifa. Akizunguka alipima vyumba kwa futi na mkate kwa mizani. Katika hesabu yake ya Uingereza na Wales alipata wafungwa 4,084, na kati yao 2,437 walikuwa ndani kwa sababu ya madeni tu. Aligundua pia kwamba homa ya jela, tunayoijua kama taifasi na inayoenezwa na chawa, iliua wafungwa wengi kuliko kitanzi. Wakati huo hakuna aliyejua habari ya chawa, lakini yeye aliona kwamba palipo uchafu na msongamano ndipo homa ilipo, na hilo lilitosha kuanza kazi.

Bentham ana dawa nyingi mno, kwa hiyo nachukua zile zinazobeba uzito. Anataja hali nne ambazo adhabu haifai kabisa: pale ambapo hakuna madhara yaliyotendeka, pale ambapo haiwezi kumzuia mtu, kwa mfano mtoto mdogo au mwenye ugonjwa wa akili, pale ambapo gharama yake inazidi faida, na pale ambapo njia nyingine ya upole, kama mafundisho, ingetosha. Ukizichukua hizo nne na kuzipitisha kwenye orodha ya makosa madogo yanayojaza mahabusu, uzururaji ukiwa mojawapo, utashangaa kinachobaki.

Anadai pia mwathirika alipwe fidia, na mahakama ziwe wazi kwa umma, kwa sababu macho ya watu ndiyo yanayomchunga hakimu. Na anataka sheria yote iandikwe iwe kanuni moja inayosomeka. Sheria inayotungwa na majaji kesi kwa kesi aliifananisha na namna mtu anavyomtungia sheria mbwa wake: hamwambii mapema asifanye nini, anangoja afanye, kisha anampiga. Mfano huo unakaa kichwani.

Halafu kuna panoptikoni, gereza la duara ambalo mkaguzi amekaa mnarani katikati na vyumba vimemzunguka. Mfungwa hajui ni wakati gani anatazamwa, kwa hiyo anajiheshimu wakati wote. Wazo la jengo lilitoka kwa ndugu yake Samuel, aliyekuwa akifanya kazi Urusi, na Bentham aliandika barua zake juu ya jengo hilo akiwa huko mwaka 1787.

Wanasomeka vipi

Beccaria ndiye mwepesi kuanza. Kitabu ni kifupi, sura nyingine ni za ukurasa mmoja au miwili, na mtu anaweza kukimaliza Jumamosi moja. Tahadhari ni mbili. Kuna mahali anaandika kwa mafumbo, na sababu yake aliieleza mwenyewe: alitaka kuutetea ubinadamu bila kuwa shahidi wa kufa kwa ajili yake. Pia mfasiri wake wa Kifaransa, Morellet, alipangua mpangilio wa sura, na tafsiri nyingi za baadaye zimefuata mpangilio huo. Kwa hiyo ukinukuu, taja jina la sura, usitegemee namba yake.

The State of the Prisons cha Howard, kilichotoka 1777, hakisomwi kama kitabu cha hoja. Ni daftari. Wilaya, jela, jina la mlinzi, ada, idadi ya wafungwa, urefu wa chumba, kama kuna maji au hakuna. Kurasa za kwanza ndizo zenye maelezo ya jumla, na zinatosha kwa wengi. Lakini ukiendelea na daftari lenyewe, kuna kitu kinakukaba pole pole. Baada ya jela ya thelathini isiyo na kisima unaacha kutafuta hoja, kwa kuwa hoja imeshaingia.

Bentham ni mgumu. Kitabu chake cha utangulizi wa maadili na sheria, kilichotolewa 1789, kina sentensi ndefu zenye matawi mengi, na anabuni maneno mapya kila anapokosa la kumtosha. Asiye na uvumilivu atakata tamaa kwenye sura ya orodha za raha na maumivu. Barua za panoptikoni ni nyepesi zaidi. Ziko 21, zina uchangamfu, na mtu anaziona akili zake zikifanya kazi. Ningemshauri msomaji wa kwanza aanze na hizo, kisha arudi kwenye sura ya hali zisizofaa adhabu.

Kilichotokana nao

Kwa Beccaria mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1766 Voltaire, mwanafalsafa maarufu wa Ufaransa, aliandika maelezo juu ya kitabu chake, na mwaka huohuo Kanisa likakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1767 Malkia Katarina wa Urusi alichukua sehemu kubwa ya mawazo yake katika maagizo aliyoiandikia tume ya sheria. Tarehe 30 Novemba 1786 Mtawala Leopold wa Toscana, dola ndogo ya Italia ya wakati huo, akafuta mateso na adhabu ya kifo pamoja. Na Tamko la Haki za Binadamu la Ufaransa la mwaka 1789, kifungu cha 8, linasema sheria iweke adhabu zile tu ambazo ni za lazima kwa uwazi. Anayemjua Beccaria anaisikia sauti yake hapo.

Howard aliitwa mbele ya Bunge mwaka 1774, na mwaka huohuo zikapita sheria mbili, moja ya kuwaachia bila ada walioonekana hawana hatia, nyingine ya afya za wafungwa. Sheria ya 1779 iliyokusudia kujenga magereza ya taifa ilitokana na kazi yake kwa kiasi kikubwa. Alizidi kusafiri Ulaya nzima, nguo zake zikinuka jela kiasi kwamba alipendelea farasi kuliko gari lililofungwa. Akafa Kherson, katika nchi tunayoiita leo Ukraine, Januari 1790, kwa homa aliyoipata huko. Chama kilichobeba jina lake kilianzishwa Uingereza mwaka 1866, na kazi hiyo ingali hai. Lakini urithi wake mkubwa zaidi ni tendo lenyewe la kuingia, kuhesabu na kuchapisha. Kila mkaguzi anayeingia gerezani leo na daftari anafanya alichofanya yeye.

Bentham alitumia takriban miaka 20 na mali yake kuitaka serikali ijenge panoptikoni. Kiwanja kilinunuliwa Millbank, London, kisha mradi ukakataliwa. Mwaka 1813 alilipwa fidia ya pauni 23,000, na gereza lililojengwa hapo halikuwa lake. Magereza machache ya duara yalikuja kujengwa baadaye kwingine, Cuba likiwemo. Mafanikio yake yalipita mlango mwingine. Thomas Macaulay, ofisa wa Uingereza aliyekuwa India, aliandika rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1837 akifuata njia ya Bentham: makosa yamefafanuliwa, mifano imetolewa, yote katika andiko moja. Kanuni hiyo ilipitishwa 1860, kisha Waingereza wakaileta Afrika Mashariki, na ilitumika Kenya na Tanganyika hadi mwaka 1930 zilipotungwa kanuni nyingine. Kwa hiyo, wa karibu zaidi na mahakama za babu zetu alikuwa yule mgumu kusomeka kuliko wote. Kuwa karibu naye kwa njia hiyo hakumaanishi upole, maana kanuni iliyoandikwa vizuri mikononi mwa mkoloni ilibaki kuwa chombo cha mkoloni.

Mapengo

Hapa nitakaa kwa Beccaria zaidi, kwa kuwa pengo lake linatugusa sasa hivi.

Alikuwa na chuki kubwa na hakimu anayejiamulia. Katika Ulaya yake hakimu aliweza kutoa adhabu kwa hasira, kwa rushwa, kwa chakula kilivyomkaa tumboni. Kwa hiyo akataka hakimu asiifasiri sheria hata kidogo: sheria inasema hivi, mtu amefanya hivi, adhabu ni hii. Alipinga pia msamaha wa mtawala pale ambapo sheria zenyewe zimeshakuwa za upole, akisema unafundisha watu kutumaini kukwepa adhabu. Ni hoja inayoeleweka kwa wakati wake. Lakini tazama inakofika. Adhabu ya kifo ya lazima, ile ambayo jaji hana la kufanya akishamkuta mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia, imejengwa kwa kunyang'anya hiari ya jaji. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotamka Desemba 2017 kwamba ulazima huo kwa kosa la mauaji unakiuka katiba, ilisema jaji lazima apate nafasi ya kusikiliza maelezo ya mtu aliye mbele yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilifika palepale Novemba 2019 katika kesi dhidi ya Tanzania. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 2009. Anayemtumia Beccaria katika mjadala huu atamkuta upande wake kuhusu kifo na upande wa pili kuhusu hiari ya jaji. Ajue hilo kabla hajasimama kuzungumza, la sivyo mpinzani atamwonyesha.

Tena, kazi ngumu ya maisha anaitetea kwa kusema inatisha kuliko kifo, kwa kuwa mtazamaji anaiona siku nenda siku rudi. Anaiita utumwa wa milele. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambako minyororo ilipita hadi sokoni, neno hilo halipiti kooni kirahisi. Mimi sikubaliani naye hapo hata kidogo.

Pengo la Howard ni kimya. Anaeleza jinsi watu wanavyofungwa na ni mara chache anauliza kama wangefungwa hata kidogo. Gereza lenye maji safi linaweza bado kumshikilia mtu aliyeiba kuku kwa miaka mingi. Pia alipendekeza kila mfungwa alale peke yake katika chumba chake, ili apumzike, afikiri, asiharibiwe na wengine. Hakutaka upweke wa mchana kutwa. Mchana alitaka watu wafanye kazi pamoja. Waliomfuata walipitiliza, na magereza ya kuwatenga wafungwa usiku na mchana, kama Pentonville iliyofunguliwa London mwaka 1842, yalivunja akili za watu. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, za mwaka 2015, zimekataza kumtenga mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Anayemnukuu Howard azisome pamoja naye.

Kwa Bentham, hatari iko kwenye jumla. Hesabu ya faida ya wengi ikipigwa bila mpaka inaweza kummeza mtu mmoja, na yeye haweki haki ya asili ya kumwokoa huyo. Panoptikoni, aliyoiona kama huruma kwa kuwa ingeondoa minyororo na kipigo, ikaja kuwa mfano wa dola inayotazama kila mtu, hasa baada ya mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault kuiandikia mwaka 1975. Na alitaka gereza liendeshwe kwa mkataba, mwendeshaji akipata faida kwa jasho la wafungwa. Haki inamtaka mtu aongeze kwamba aliweka kinga: mwendeshaji angelipa fedha kwa kila kifo kinachozidi kiwango cha kawaida. Ni wazo ambalo waendeshaji wengi wa magereza wasingelipenda hadi leo.

Kwa hali yako

Kama unaandaa mdahalo au andiko juu ya adhabu ya kifo au mateso ya watuhumiwa, anza na Beccaria. Soma sura ya mateso na ya kifo, kisha tafuta maoni aliyoyaandika mwaka 1792 pamoja na wenzake wawili kwa ajili ya tume ya sheria ya Lombardia, jimbo la Milano. Humo anaongeza hoja kwamba ushahidi wa binadamu haukosi kasoro, na kifo ni kosa lisiloweza kurekebishwa. Kwa wengi hiyo ndiyo hoja inayobadilisha mawazo.

Kama unaingia magerezani, uwe msaidizi wa kisheria, mchungaji, imamu, mwuguzi au mwandishi wa habari, mchukue Howard. Usimsome kwa ajili ya mawazo tu; iga daftari lake. Andika idadi ya waliomo na idadi waliyokusudiwa kukaa humo, siku ambazo kila mahabusu amengoja, umbali wa bomba la maji, mara ngapi daktari amefika. Kwa kazi hiyo Beccaria atakupa moto lakini hatakupa kipimo.

Kama uko karibu na utungaji wa sheria, ofisi ya mbunge, tume ya kurekebisha sheria au chama cha mawakili, Bentham ana faida zaidi, pamoja na ugumu wake. Hali zake nne ni maswali manne unayoweza kuyaweka mbele ya kila kifungu cha makosa. Anakufaa pia kama moyo wako uko kwa waathirika, kwa sababu wenzake wawili wanazungumza kidogo sana juu ya fidia ya mtu aliyeibiwa au kupigwa.

Ndugu wa mtu aliyekaa mahabusu muda mrefu, anayetaka kuelewa tu kwa nini hali iko hivi, hana haja ya kitabu kizima. Asome sura ya Beccaria ya kuharakisha adhabu na kurasa za mwanzo za Howard kuhusu walioachiwa huru wakabaki ndani. Ni usomaji wa jioni moja.

Na kwa mwanafunzi mwenye muhula mzima, mpangilio ninaoupendekeza ni Beccaria kwanza, Howard katikati, Bentham mwisho. Ukifika kwa Bentham ukiwa umeshaziona jela za Howard, zile hesabu zake za maumivu zitakuwa na sura za watu.